Chama cha Wafanyakazi Ambacho Hakikuzaliwa: Kutoka Mgomo wa Makuli hadi NUTA

Wakazi wa Temeke na Kinondoni wenye umri wangu na kuzidi hawahitaji kuelezwa Msondo Ngoma ni nini. Bendi hiyo imemchezesha babu, ikamchezesha baba, na sasa inamchezesha mjukuu. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwa vijana ninaowafundisha wanaofahamu kwamba majina iliyopata kuitwa bendi hiyo ni muhtasari wa historia ya vyama vya wafanyakazi nchini mwetu. Ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Baadaye ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, ndipo ikabaki na jina la Msondo. Kila chombo cha wafanyakazi kilipoondolewa na kingine kuwekwa mahali pake, wanamuziki nao walibadili jina. Bendi ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na chama cha wafanyakazi, kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, kilikuwa mali ya chama tawala.

Nililikumbuka jambo hili siku mwanafunzi mmoja aliponiuliza darasani swali ambalo sikuweza kulijibu kwa dakika tano zilizokuwa zimesalia. Aliuliza: "Mwalimu, Waingereza wana chama kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi, Waswidi nao wanacho. Sisi tumechora jembe na nyundo kwenye bendera ya chama, tumemtaja mfanyakazi na mkulima katika kila hotuba. Kwa nini hatujawahi kuwa na chama cha siasa kilichoundwa na wafanyakazi wenyewe?"

Makala haya ni jibu langu kwake. Jibu fupi ni kwamba chama hicho kilikaribia kuzaliwa, hapa hapa Dar es Salaam, kati ya mwaka 1960 na 1964. Jibu refu ni kwamba mimba hiyo ilitolewa kwa mikono mingi, na baadhi ya mikono hiyo ilikuwa ya wafanyakazi wenyewe.

Chama chenye mizizi katika kazi ni kipi?

Tuanze kwa kuweka sawa maana. Chama kujiita cha wafanyakazi hakutoshi. Mwaka 1900 vyama vya wafanyakazi vya Uingereza pamoja na vikundi vya wanajamaa viliunda kamati ya kuwapeleka wawakilishi wao bungeni. Mwaka uliofuata mahakama ya juu iliamua kwamba chama cha wafanyakazi wa reli kinaweza kudaiwa fidia na kampuni ya Taff Vale kwa sababu ya mgomo. Hukumu hiyo iliwafundisha wafanyakazi somo moja, kwamba unaweza kushinda kiwandani ukashindwa mahakamani, maana sheria hutungwa mahali ambapo wewe haupo. Vyama vingi vikajiunga na kamati ile, na mwaka 1906 ikaingiza wabunge 29 na kujiita Labour Party. Huko Sweden mambo yalikwenda kinyume: chama cha siasa kilianzishwa mwaka 1889, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi likafuata mwaka 1898. Katika nchi zote mbili, hata hivyo, fedha za chama, wanachama wake na viongozi wake wengi walitoka katika vyama vya wafanyakazi. Chama kilikuwa mtoto wa wafanyakazi, na mtoto huyo alipokwenda kombo wazazi walikuwa na sauti ya kumkemea.

Hicho ndicho kipimo nitakachokitumia. Swali si nani anawasemea wafanyakazi, kwa kuwa kila mwanasiasa hufanya hivyo msimu wa uchaguzi. Swali ni nani anayewajibika kwao.

Makuli wa bandarini

Siasa ya kisasa ya Dar es Salaam haikuanzia kwenye kumbi za wasomi peke yake. Ilianzia pia gatini. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa, walioamka alfajiri bila kujua kama wangeitwa kazini. Septemba 1947 waligoma kwa mara nyingine, na safari hii moto ulifuata reli. Mgomo ulitoka bandarini ukawakumba wafanyakazi wengine wa mjini, ukapanda na treni kuelekea Morogoro, Dodoma, Tabora na kwingineko. Ulikuwa mgomo mkuu wa kwanza wa nchi hii, na serikali ya kikoloni ililazimika kukubali nyongeza ya mishahara.

Kutokana na mgomo huo kikazaliwa chama cha makuli, na mmoja wa makatibu wake wa mwanzo alikuwa kijana Abdulwahid Sykes, ambaye baba yake, Kleist, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Msomaji anayefahamu historia ya TANU atalitambua jina hilo: ni huyu huyu Abdulwahid aliyekuja kuwa kiongozi wa TAA na mmoja wa waliokuwapo TANU ilipoasisiwa tarehe 7 Julai 1954. Kwa hiyo uzi uliounganisha mgomo wa makuli na chama cha ukombozi ulipita ndani ya nyumba moja.

Chama cha makuli hakikudumu. Februari 1950 mgomo mwingine uliishia katika ghasia, na chama kikavunjwa. Hapa pana kejeli moja ambayo wanafunzi wangu hushangaa wakiisikia. Serikali iliyokuwa madarakani London mwaka 1947, na iliyokuwa bado madarakani mwaka 1950, ilikuwa ya Labour, chini ya Clement Attlee. Chama cha wafanyakazi wa Uingereza ndicho kilichotawala Tanganyika wakati chama cha makuli wa Dar es Salaam kilipovunjwa. Tuliweke akilini jambo hili: chama kuwa na mizizi katika kazi hakukifanyi kiwatendee haki wafanyakazi wote. Hukifanya kiwajibike kwa wale tu walio na sauti ndani yake.

Kawawa na mlango wa pembeni

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwapiga marufuku watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa. Katazo hilo liliwaondoa kwenye siasa karani, mwalimu wa serikali, bwana shamba na mganga, yaani karibu kila mtu aliyejua kuandika barua rasmi. Lakini serikali haikuziba mlango wa vyama vya wafanyakazi. Watumishi waliozuiwa kupita mbele wakapita pembeni.

Aliyeutumia mlango huo kwa ustadi kuliko wote alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Alikuwa mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, akawa rais wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na watu wengi walimfahamu kwa uigizaji wake katika filamu. Oktoba 1955, kwa msaada wa Tom Mboya kutoka Kenya, vyama mbalimbali viliungana kuunda shirikisho la Tanganyika Federation of Labour, TFL, na Kawawa akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Leo barabara inayotoka Ilala kupitia Magomeni hadi Kinondoni inaitwa kwa jina lake. Maelfu hupita hapo kila asubuhi ndani ya daladala wakimjua kama waziri mkuu, bila kujua kwamba kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa wafanyakazi.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya neema kwa harakati hizi. Wafanyakazi wa majumbani na wa mahotelini waligoma mwaka 1956. Mwaka 1958, wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma, TFL iliwaomba wananchi waisusie bia hiyo. Mashamba ya mkonge ya Tanga, yaliyoajiri watu wengi kuliko sekta nyingine yoyote, yalitikiswa na migomo mirefu, ukiwamo ule wa Mazinde. Hadi uhuru unapatikana, vyama vya wafanyakazi vilikuwa na wanachama takribani laki mbili, ilhali waajiriwa wote wa nchi nzima hawakuzidi sana laki nne. Ni nchi chache za Afrika zilizofikia kiwango hicho.

TANU na TFL zilikuwa kama ndugu wa baba mmoja. Zilikula pamoja na kutumia watu wale wale. Lakini hazikuwa kitu kimoja, na ndugu wanaogawana nyumba hawajui ukubwa wa tofauti zao hadi siku mzee anapofariki. Mzee huyo alikuwa mkoloni.

Mwaka 1960: siku 82 za reli

Mwishoni mwa mwaka 1959 wafanyakazi wa posta waligoma. Februari 1960 wafanyakazi wa reli nao wakaingia, chini ya chama chao cha TRAU na katibu mkuu wake, Christopher Kasanga Tumbo. Mgomo wa reli ulidumu siku 82. Kwa mwaka huo mzima nchi ilipoteza karibu siku za kazi milioni 1.5 kwa sababu ya migomo, kiwango ambacho hakijafikiwa tena tangu hapo.

Ni katika mwaka huo huo TANU ilipoanza kushika hatamu za serikali ya ndani. Viongozi wake wakajikuta katika hali mpya. Jana mgomo ulikuwa silaha dhidi ya mkoloni, leo ulikuwa mzigo mabegani mwao. Wenye uzoefu wa vyama vya wafanyakazi waligawanyika pande mbili. Upande mmoja, chini ya Michael Kamaliza, rais wa TFL, uliamini kwamba maadamu serikali ni yetu, vyama vya wafanyakazi sharti viwe sehemu ya TANU. Upande wa pili, uliowakusanya Tumbo wa reli na Victor Mkello wa wafanyakazi wa mashambani, ulisema mwajiri ni mwajiri hata akiwa mweusi, na kwamba mfanyakazi asiye na chama huru hana chama.

Naomba msomaji asiharakishe kuchagua upande, kwa sababu kila upande ulikuwa na ukweli wake na doa lake.

Serikali ilikuwa na hoja nzito. Waajiriwa laki nne katika nchi ya watu milioni tisa hadi kumi walikuwa kisiwa kidogo ndani ya bahari ya wakulima. Kila shilingi iliyoongezwa kwenye mshahara wa bandarini ilitoka mahali fulani, na mara nyingi ilitoka kwa mkulima wa pamba au kahawa ambaye hakuwa na chama cha kumgomea. Nyerere aliishikilia hoja hii kwa dhati, na mwaka 1967 Azimio la Arusha lilikuja kuonya waziwazi kwamba miji inaweza kuvinyonya vijiji.

Upande wa Tumbo nao haukuwa safi. Bunge lilipojadili sheria ya uraia mwaka 1961, Tumbo alikuwa miongoni mwa waliopinga Wahindi, Wazungu na Waarabu kupewa uraia sawa na Waafrika. Nyerere alipambana na hoja hiyo kwa ukali, na historia imempa haki. Kilio cha Waafrika kupewa nafasi za kazi kilikuwa halali, kwa kuwa ubaguzi wa kikoloni uliwafungia ngazi zote za juu. Lakini harakati ya wafanyakazi inayoanza kuhesabu rangi za ngozi huacha kuhesabu jasho. Waasia walikuwa makarani na mafundi wa reli hiyo hiyo, na chama cha kijamaa cha kweli kingewatafutia nafasi ndani ya safu moja.

Sheria za mwaka 1962

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, Januari 1962, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili kukijenga chama, na nafasi yake ikachukuliwa na Kawawa. Kamaliza akawa waziri mwenye dhamana ya kazi. Tumbo akapelekwa London kuwa balozi. Ukitazama kwa haraka utadhani wafanyakazi wametwaa nchi: katibu mkuu wa kwanza wa TFL ni waziri mkuu, na rais wa TFL ni waziri wa kazi!

Ni serikali hiyo iliyopitisha sheria tatu mwaka 1962. Ya kwanza ilivilazimisha vyama kuwa chini ya shirikisho moja linaloteuliwa na serikali, na kumpa waziri mamlaka juu ya fedha zake. Ya pili iliweka mlolongo mrefu wa usuluhishi ambao, kwa vitendo, ulifanya mgomo wowote uwe kinyume cha sheria. Ya tatu iliwazuia watumishi wa umma wa ngazi ya kati na ya juu kuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Septemba mwaka huo ikafuata sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

Mtumishi wa umma unayesoma makala haya, tafakari mzunguko huo. Mwaka 1953 mkoloni alikukataza siasa, ukakimbilia chama cha wafanyakazi. Mwaka 1962 mtu aliyekimbilia huko pamoja nawe ndiye aliyeongoza serikali iliyokufungia mlango huo.

Tumbo alijiuzulu ubalozi mwezi Agosti 1962, akarejea nyumbani na kuongoza chama cha upinzani cha People's Democratic Party. Hapa ndipo tulipokaribia. Palikuwa na kiongozi aliyetoka moja kwa moja katika mgomo mkubwa kuliko yote, palikuwa na malalamiko ya wazi kuhusu sheria zilizotungwa, na palikuwa na wanachama laki mbili waliokwisha kujifunza kulipa ada, kuitisha mkutano na kupiga kura. Ni mazingira yanayofanana sana na yale ya Uingereza baada ya hukumu ya Taff Vale.

Kwa nini basi mbegu haikuota? Sababu ya kwanza ni muda. Tarehe 14 Januari 1963 ilitangazwa kwamba Halmashauri Kuu ya TANU imeamua nchi iwe ya chama kimoja kisheria. Chama cha Tumbo hakikupata hata mwaka mmoja wa kupumua. Mwezi huo huo Mkello, aliyekuwa rais wa TFL, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali pamoja na mwenzake wa chama cha mashambani, Sheha Amiri.

Sababu ya pili ni heshima ya TANU. Katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962 Nyerere alipata takribani asilimia 98 ya kura dhidi ya Zuberi Mtemvu wa African National Congress. Mfanyakazi wa bandari alikuwa na kadi mbili mfukoni, ya chama chake cha kazi na ya TANU, naye hakuona mgongano. Alipotakiwa kuchagua, wengi walibaki na ile iliyoleta uhuru.

Sababu ya tatu ni kwamba serikali haikunyang'anya bila kutoa. Kuanzia Januari 1963 kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam kiliwekwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi, nyongeza kubwa kwa vibarua wengi. Ikafuata mwaka 1964 sheria ya usalama wa kazi, iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu apendavyo, na mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Mambo haya vyama huru viliyapigania kwa miaka mingi. Mfanyakazi alipewa samaki, na wakati akila, nyavu zikachukuliwa.

Lugalo, Januari 1964

Pigo la mwisho halikutoka kwa wafanyakazi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali iliyumba kwa siku kadhaa, hadi wanajeshi wa Uingereza waliposhuka tarehe 25 Januari na kuuzima uasi huo. Serikali ilieleza kwamba baadhi ya viongozi wa wafanyakazi walikuwa wakiwasiliana na waasi. Watu zaidi ya 200 walikamatwa, wengi wao wakiwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Tumbo, aliyekuwa amekimbilia Mombasa, alirejeshwa na kuwekwa kizuizini.

Mwezi uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyoivunja TFL na vyama vyake vyote na kuunda chombo kimoja, NUTA. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza alikuwa Kamaliza, ambaye wakati huo huo alikuwa waziri wa kazi. Kwa hiyo mfanyakazi aliyekuwa na malalamiko dhidi ya serikali alitakiwa kuyapeleka kwa waziri, ili waziri ayawasilishe kwa serikali. Miongoni mwa malengo ya NUTA ilikuwa kuwahimiza wanachama wake wajiunge na TANU. Badala ya chama cha siasa kuwa mtoto wa wafanyakazi, wafanyakazi wakawa jumuiya ya chama.

Kamaliza mwenyewe hakuepuka. Katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka 1970, ambayo Bibi Titi Mohamed pia alikuwa mshitakiwa, alitiwa hatiani mwaka 1971. Sielezi haya kwa kumsimanga. Nayaeleza kwa sababu yanaonyesha kwamba aliyejenga nyumba isiyo na mlango wa dharura naye alikuja kuukosa mlango huo.

Sauti iliyorudi mara moja

Usidhani wafanyakazi walilala. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipowakemea viongozi wenye majivuno na ubabe, wafanyakazi wa Dar es Salaam waliuchukua kwa uzito kuliko walivyotarajia waliouandika. Kati ya mwaka 1971 na 1974 ulikuja wimbi la migomo na la kuwafungia nje mameneja. Madai mengi hayakuwa ya mshahara kwanza, yalikuwa ya utu: meneja anatutukana, meneja anafuja mali. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimtoa mwenye kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe. Dola iliyowapa maneno ikayaona yamekwenda mbali mno, na harakati ikazimwa. NUTA, ambayo kwa jina ndiyo iliyokuwa chama chao, haikuwa mbele katika harakati hizo.

Mwaka 1978 NUTA ilifuatiwa na JUWATA, jumuiya ya CCM. Mwaka 1991, upepo wa mageuzi ulipovuma, ikaundwa OTTU. Leo shirikisho ni TUCTA.

Mwaka 1992 na jina bila mizizi

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, wengi wetu tulitarajia kwamba wafanyakazi wangefanya walichofanya jirani. Zambia, mwaka mmoja kabla, Frederick Chiluba alitoka uenyekiti wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi na kumshinda Kaunda. Zimbabwe, mwaka 1999, Morgan Tsvangirai alitoka ukatibu mkuu wa shirikisho la huko na kuongoza MDC. Katika nchi hizo mbili, hasa Zambia yenye migodi ya shaba, mashirikisho yalikuwa yamebaki na uti wa mgongo wao hata chini ya chama tawala chenye nguvu. Sisi tuliingia katika vyama vingi tukiwa na chombo ambacho kwa miaka 27 kilifundishwa kupokea maelekezo.

Tulichopata ni jina. Tanzania Labour Party ilisajiliwa mwaka 1993, lakini haikutokana na chama chochote cha wafanyakazi. Ilipata umaarufu mwaka 1999 alipojiunga nayo Augustine Mrema, akitokea NCCR-Mageuzi. Wana Temeke wanamkumbuka vizuri Mrema, kwani ni wao waliompa ubunge katika uchaguzi mdogo wa Oktoba 1996. Nguvu yake ilikuwa ya kweli: vibarua, wachuuzi na vijana waliopoteza ajira wakati mashirika ya umma yalipouzwa walimwona mtu anayejua shida zao. Lakini ilikuwa nguvu ya mtu. Alipohama chama, nguvu ilihama naye, na alipochuja, ilichuja naye. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1995 alipata karibu asilimia 28 ya kura, na mwaka 2000, akiwa TLP, chini ya asilimia 8.

Hata hivyo, mfano wa Zambia nao unaonya. Chiluba aliyeinuliwa na wafanyakazi ndiye aliyeuza migodi na mashirika, na maelfu wakapoteza kazi. Wafanyakazi walimpa madaraka bila kubaki na kamba ya kumrudisha. Tunarudi kwenye kipimo chetu: asili ya kiongozi si dhamana, uwajibikaji ndio dhamana.

Somo kwa Mei Mosi

Kila tarehe 1 Mei tunatazama sherehe ile ile. Wafanyakazi wanaandamana na mabango, mgeni rasmi ni Rais, na umati unasubiri neno moja kuhusu mshahara. Mwaka 2025, mjini Singida, neno lilikuwa jema: kima cha chini cha watumishi wa umma kilipandishwa kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Kuna miaka ambayo neno halikuja kabisa. Na mwaka 2010, TUCTA ilipotishia mgomo ikidai kima cha shilingi 315,000, ilikemewa hadharani na mgomo ukaahirishwa. Jema au baya, linabaki kuwa neno la mtoaji. Hiyo ndiyo alama ya mwaka 1964 inayoonekana hadi leo: mshahara unatangazwa kama zawadi, nasi tunashangilia kama wageni waalikwa katika siku ambayo ni yetu.

Siamini kwamba dawa ni kuanzisha chama kingine cha siasa kesho asubuhi. Tumekwisha kuwa na vyama vingi vyenye ofisi ndogo na majina makubwa. Historia niliyoisimulia inaonyesha kwamba chama chenye mizizi huja mwisho. Kinatanguliwa na tawi lenye mikutano ya kweli, hesabu zinazosomwa mbele ya wanachama, na katibu anayeweza kuondolewa kwa kura. Makuli wa mwaka 1947 walianza hapo, wakiwa vibarua wasiokuwa na mkataba wowote. Kwa maana hiyo, waliofanana nao zaidi leo si sisi wenye ajira za kudumu. Ni dereva wa bodaboda wa Mbagala anayemlipa tajiri hesabu ya kila siku, mama lishe wa Tandale, na machinga waliohamishwa kutoka kando ya barabara mwaka 2021. Nchi yenye nguvukazi ya namna hiyo haiwezi kuwa na siasa ya wafanyakazi inayoishia kwenye orodha ya malipo ya serikali. Tumbo alikosea kwa kuwaacha nje Waasia, nasi tutakosea kosa lile lile tukiwaacha nje hawa.

Kwa mwanafunzi aliyeniuliza, na kwa mtumishi wa umma anayesoma haya wakati wa mapumziko ya mchana, nina ombi moja dogo. Mwezi huu ukipata hati yako ya mshahara, itazame ile mistari ya makato. Iko moja ya ada ya chama cha wafanyakazi. Uliza tawi lako lilikutana lini mara ya mwisho, nani aliitisha mkutano, na fedha ile ilifanya nini. Ikiwa hakuna anayejua, basi umejua kwa nini chama kile hakikuzaliwa, na umejua pia kazi ya kuanza nayo.